Bwawa la Uani Likigeuka Kijani

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu na vijana. Ahsanteni kwa kunikaribisha hapa Mtwara.

Itazameni hii chupa. Maji haya yamechotwa asubuhi ya leo kwenye bwawa la uani, hapa hapa mjini. Nikiyainua juani, mnaona, ni kijani kitupu na hakuna kinachozama chini. Huo ni mwani, ule mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho.

Mwani unataka jua na chakula. Jua tunalo la kutosha. Chakula tunaupelekea wenyewe: pumba zilizobaki, kinyesi cha samaki, majani ya mwembe na mkorosho yanayooza chini, na mvua za Desemba hadi Aprili zinazoburura samadi kutoka bandani. Humo mna naitrojeni na fosforasi, mbolea ile ile mnayonunua kwa ajili ya shamba.

Wapo wanaokimbilia mrututu ili kuua mwani. Ndugu zangu, nawasihi, msitie! Mrututu una shaba. Mwani utakufa kweli, lakini shaba haiozi; inabaki kwenye tope, na samaki na konokono wanaumia. Tena mwani ukifa wote kwa mkupuo unaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni. Alfajiri ndiyo saa mbaya kabisa, maana usiku kucha mimea ya majini haina jua la kuitengenezea. Unaamka unakuta samaki wako juu, midomo wazi, wanahema.

Mimi naamini kivuli na njaa. Pandeni yungiyungi, majani yake yafunike nusu ya uso wa maji au zaidi kidogo, lakini si wote. Linaziba jua na mizizi yake inanyonya ile mbolea. Likiwa bado changa, tandazeni makuti juu ya fito, upande unaopigwa na jua la mchana. Gugu maji msilete kabisa, hata kama linaota haraka. Waulizeni wenzetu wa Ziwa Victoria.

Samaki wape kile wanachomaliza ndani ya dakika tano, basi. Majani yaokotwe kabla hayajazama. Na kabla mvua hazijaanza, inua tuta dogo kuzunguka bwawa ili maji ya uani yapite pembeni.

Ule mwani wa nyuzi nao hauhitaji dawa. Chukua fimbo yenye gome linalokwaruza, izamishe, izungushe polepole. Nyuzi zitajiviringisha zenyewe. Ziache ukingoni usiku mmoja ili vidudu vidogo virudi majini, kisha zipeleke migombani.

Mama pale ameuliza kama abadilishe maji yote. Hapana, mama yangu. Kwenye mawe na kuta za bwawa kuna bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki, na ukisugua kila kitu unaanza upya. Toa robo tu, ujazie maji ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Bwawa jipya huwa kijani wiki za mwanzo, livumilie.

Mnaofuga perege, ukijani kidogo msiuondoe, ni chakula chao. Zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea kabla ya hapo, punguza chakula. Ukikiona, liache bwawa lilivyo.