Fedha za Uharamia Hupitia kwa Nani?

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii.

Mtu anafungua tovuti ya uharamia, yaani inayouza filamu za wizi. Anajaza namba ya kadi, anabonyeza, malipo yanapita. Baadaye anasoma taarifa ya benki, jina la tovuti halimo. Limeandikwa, tuseme, duka la viatu. Jina hilo ndilo lililosajiliwa benki, na kila muamala ukipita kuna anayekata kamisheni yake.

Hapo ndipo nataka tukae. Seva huhamishwa usiku mmoja na anwani ya tovuti hubadilishwa kabla hakujakucha, ila akaunti ya kupokelea malipo ya kadi haipatikani kirahisi namna hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa zilizotangazwa kwa barua pepe taka, zikiwemo programu za kompyuta, wakafuata nyayo za fedha zao. Asilimia 95 ya biashara ile ilipitia benki chache mno.

Mahakama hazikuliona hivyo. Mwaka 2007, katika kesi ya Perfect 10, wachapishaji wa picha za wanamitindo walioishtaki Visa kwa kupitisha malipo ya tovuti zilizoiba picha zao, Mahakama ya Rufaa ya Marekani ilisema kampuni za kadi hazibebi dhima, kwa kuwa picha zingeweza kuibwa na kusambazwa hata pasipo kadi. Majaji 2 walikubaliana. Wa 3, Alex Kozinski, akapinga. Mimi nipo upande wake. Anayeiba ili auze anahitaji wa kumpokelea fedha.

Sisemi kampuni hizi zigeuzwe mahakama, la hasha. Desemba 2010 Visa, MasterCard na PayPal ziliifungia WikiLeaks, tovuti ya kufichua nyaraka za siri, milango ya michango bila hukumu yoyote. Ilichukua hadi 2013 Mahakama ya Juu ya Iceland kuiamuru Valitor, wakala wa Visa huko, ifungue tena njia hiyo. Zaidi ya miaka 2! Msanii mdogo aliyesingiziwa uharamia hawezi kungoja muda huo. Atakuwa ameshafunga kazi.

Kwa hiyo mwenye hakimiliki anunue kwenye tovuti inayomwibia, aipelekee benki risiti ya ununuzi wenyewe, si orodha ya tuhuma. Mfanyabiashara apewe siku za kujibu, na akishindwa kuonyesha leseni, akaunti ifungwe. Benki iliyoonyeshwa risiti hiyo ikaendelea kukata kamisheni, nayo ishtakiwe pamoja naye.