Mzoeshe Mbwa Wako Kizimba Bila Kumsukuma

Karibuni watazamaji. Leo niko nyumbani hapa Busia, upande wa Uganda, na huyu anayenusa viatu vyangu ni Popi. Ana miezi saba. Tunamzoesha kizimba.

Wengi wetu tuna kibanda cha mbwa pembeni ya ua. Asubuhi anafungiwa, usiku anafunguliwa alinde. Kizimba ninachosema leo ni kingine: cha kulalia ndani, cha kumpeleka kwa daktari wa mifugo, cha kupakia kwenye pikapu tukienda Kampala. Mbwa aliyezoea kusukumwa kibandani kila siku atakishuku hiki maradufu, kwa hiyo tutakwenda kwa mwendo wake yeye.

Tuanze na chuma chenyewe. Hiki nimetengenezewa na fundi wa kuchomelea. Mbwa asimame bila kichwa kugusa juu, aweze kujigeuza, na alale amenyoosha miguu. Kwa mtoto wa mbwa, kikizidi sana hapo atakojoa kona moja na kulala nyingine. Sasa sogea karibu na kamera. Pitisha kiganja ndani, taratibu, pale vyuma vilipoungana. Unakiona kijino hiki? Kinachana sikio hiki. Piga tupa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa. Chini usiache waya mtupu, kucha hunasa. Weka ubao, kisha blanketi kuukuu. Kama ni mtafunaji wa nguo, ubao peke yake unatosha.

Kiweke sebuleni watu walipo, mbali na jua. Chini ya mabati ya baraza mchana ni kama tanuri, hapafai.

Haya, mlango ufunge kwa kamba ubaki wazi. Usipuuze hili. Mlango ukijifunga ukamgonga makalio mara moja tu, utaanza upya.

Nina mukene hapa, yaani dagaa, wale wakavu wasio na chumvi. Naweka mmoja kizingitini, mmoja ndani kidogo, mmoja kule nyuma kabisa. Kisha nakaa pembeni, simwiti, simwonyeshi kidole. Mtazame: miguu ya mbele imeingia, ya nyuma imebaki nje, shingo imerefuka. Huyo yuko tayari kukimbia, na akitaka kukimbia mwache. Amechukua mmoja, ametoka... anarudi. Akishajua kwamba njia ya kutoka iko wazi, woga unapungua wenyewe. Watoto, tafadhalini, msimsukume kwa nyuma!

Akiingia mzima mzima bila wasiwasi, mhamishie chakula humo. Bakuli la posho, yaani ugali, lianzie mlangoni, kila mlo ulisogeze nyuma kidogo. Kuna mbwa atamaliza hatua hii kwa siku chache, mwingine wiki kadhaa. Usimlinganishe na wa jirani.

Mlango unakuja mwisho. Akiwa anakula, usukume ufunge bila komeo, na ufungue kabla hajamaliza bakuli. Kesho mwache sekunde chache zaidi, halafu dakika. Mpe mpira mgumu uliopakwa karanga za kusaga, zisizo na chumvi wala sukari, alambe huku wewe unafagia. Baadaye toka chumbani, urudi kabla hajakutafuta.

Akilalamika kidogo, subiri anyamaze hata kwa pumzi mbili, ndipo ufungue. Lakini akitokwa na mate, akiuma waya, akichimba sakafu, hiyo ni hofu, si ukaidi. Mfungulie, na kesho rudi hatua mbili nyuma. Wanaosema mwache alie mpaka achoke, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Na ametafuna ndala za mama? Usimtupe humo kwa adhabu, utaharibu kazi yote.

Usiku, mtoe akojoe kabla ya kulala. Wa miezi miwili mitatu hawezi kubana mpaka asubuhi, itabidi uamke. Ukimfungia, mvue mnyororo na ukanda wa shingo, visije vikanasa kwenye waya. Wala kizimba si pa kumwacha kutwa nzima ukiwa dukani.

Safari sasa. Kwanza pakia kizimba pikapu ikiwa imezimwa uani, ale humo. Siku nyingine nenda mpaka njia panda urudi. Siku yenyewe, kifunge kamba pande zote mbili kisiteleze, turubai lifunike juu tu, pembeni hewa ipite. Asishibe kabla ya kuondoka, atatapika. Beba cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Sisi husimama Iganga, kivulini, anywe maji. Pale barabarani ni malori tu, kwa hiyo fungua mlango kiasi cha mkono kupita, mvishe ukanda, shika kamba yake vizuri, ndipo umwachie ashuke.