Meli za Mbao Ziwani: Kwa Nini Hazijaisha, na Namna ya Kuzipiga Picha

Mabibi na mabwana, naomba nianze na mdudu. Baharini kuna kiumbe wa jamii ya chaza anayeishi kwa kutoboa mbao na kuzila. Meli ya mbao ikizama huko, kazi yake ni kuimaliza. Kwenye maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini hayupo, maana hawezi kuishi pasipo chumvi. Ongezea baridi: maji yasiyo na chumvi huwa mazito zaidi yakiwa karibu nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo hayo ndiyo yanayotulia chini hata kiangazi.

Ndiyo maana Hamilton, merikebu ya kivita ya Marekani iliyopinduliwa na dhoruba usiku wa kuamkia 8 Agosti 1813 pamoja na mwenzake Scourge, imekaa wima chini ya Ziwa Ontario, karibu mita 90. Milingoti imesimama. Kwenye omo, yaani mbele ya meli, sanamu ya Diana, mungu wa kike wa Warumi, bado ina sura yake. Mwaka 1982 zilipigwa picha na chombo kilichoongozwa kutoka juu; kina hicho si cha kuchezea.

Sasa picha. Wengi huwasha flashi iliyokaa juu ya lenzi, wanarudi na theluji tupu: chembe za tope zimemulikwa, zikarudisha mwanga. Taa ziwekwe pembeni, kwenye mikono mirefu, zitazame nje kidogo. Tumia lenzi pana, usogee karibu. Ukitaka meli nzima, zima taa, utegemee mwanga wa juu. Mimi huigeuza iwe nyeusi na nyeupe, wanaopenda ukijani watanisamehe. Na miguu jamani! Pezi moja la mpiga mbizi likigusa tope, aliye nyuma yako haoni kitu.

Kinachonisumbua ni kome. Aina mbili kutoka Ulaya Mashariki ziliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, ndani ya maji ambayo meli hubeba ili zisiyumbe. Wanachuja maji, yakawa maangavu, wapiga mbizi tukashangilia. Kumbe wanajishikiza kwenye mbao tabaka juu ya tabaka, hadi jina la meli halisomeki. Ziwa Superior limenusurika kwa sehemu kubwa, kwa kuwa maji yake yana kalsiamu kidogo, na kome huihitaji kujengea magamba yao.

Basi anzeni na maziwa ya Huron na Ontario, Superior itasubiri. Pigeni picha zinazopishana, kompyuta iziunganishe ziwe umbo kamili la meli. Na msiokote kitu, hata msumari: sheria za jimbo la Michigan, Marekani, na za jimbo la Ontario, Kanada, zinakataza.