Nyumba za Wenyeji Asilia Vancouver: Kutoa Ufunguo Ndiyo Sehemu Rahisi

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimekaa nijibu swali moja ambalo kila nikipandisha video linarudi kwenye maoni: "Unasema unasimamia nyumba za watu waliotoka mitaani. Kanada nchi tajiri, hao watu wanakosaje nyumba? Na mkishawapa, kazi inabaki ipi?" Wengine wanaongeza kwamba najisifu. Wengine wanasema nalalamika huku nakula dola. Nimewasoma wote. Leo naeleza kazi tu, mwenye kununa na anune.

Habari ya wenyeji asilia, yaani watu waliokuwepo Kanada kabla ya Wazungu kufika, jinsi ardhi yao ilivyochukuliwa na watoto wao wakapelekwa shule za bweni kwa nguvu, mmeshaisikia, siirudii. Shikeni hili moja: katika hesabu ya mwaka 2023 ya watu wasio na makazi Vancouver na miji jirani, karibu theluthi walikuwa wenyeji asilia, na katika wakazi wote wa eneo hilo hawafiki hata asilimia 3.

Tuanze na hela, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Mtu mmoja asiye na kipato hapa British Columbia, jimbo ilipo Vancouver, anapata posho ya serikali ya dola 1,060 kwa mwezi: 560 za kujikimu, 500 za pango. Chumba na sebule Vancouver kinapita dola 2,000. Pigeni hesabu wenyewe. Ndiyo maana kwenye nyumba nyingi za aina hii kodi inapangwa iwe hiyo hiyo 500, na gharama za kuendesha jengo zinazibwa na serikali ya jimbo. Siku ya kuingia mnajaza fomu ya pango, mpangaji anasaini, pesa inatoka wizarani mpaka kwenye akaunti ya nyumba. Ukimwachia mtu aliyetoka barabarani jana ashike kodi mkononi, halafu ukaenda kumdai, hapo deni umelitengeneza wewe.

Watu wanadhani wapangaji hawa wanapoteza nyumba kwa ulevi. Wapo. Lakini karatasi inatoa watu wengi kimya kimya. Mpokea posho ya kawaida anatakiwa kurudisha ripoti ya kipato kila mwezi ifikapo tarehe 5, hata kama hakupata senti. Isipofika, posho inashikiliwa, na pango limo humo humo. Sheria ya jimbo inamruhusu mwenye nyumba kutoa notisi ya siku 10 kesho yake tu baada ya kodi kuchelewa, na mpangaji ana siku 5 za kulipa au kupinga. Mtu aliyelazwa hospitali siku hizo 5 zinampita kitandani. Kwa hiyo kuanzia tarehe 1 mpaka 4 kazi yako ni kugonga milango na kalamu mkononi. Na kama mpangaji anastahili hadhi ya mlemavu, mpeleke kwa daktari mapema fomu ijazwe. Posho inaongezeka, na hiyo ripoti ya kila mwezi inabaki kwa wenye mabadiliko ya kipato tu.

Kuna mtego mwingine: anayekaa nje ya jimbo zaidi ya siku 30 katika mwaka bila ruhusa anaweza kukatwa posho. Sasa wapangaji wengi kwao ni majimbo mengine: Alberta, Saskatchewan, Manitoba. Msiba wa shangazi huko si wa kwenda Jumamosi ukarudi Jumatatu, hilo nyie hamhitaji kufundishwa. Kabla hajapanda basi, mwombeeni ruhusa kwa maandishi na mbaki na nakala.

Vitambulisho navyo! Cheti cha kuzaliwa kinaombwa jimbo alikozaliwa mtu. Kuna watu wazima waliochukuliwa utotoni, miaka ya 1960 na kuendelea, wakalelewa na familia za Wazungu na kubadilishwa majina. Cheti kinasema hivi, kadi ya serikali inayothibitisha kwamba yeye ni mwenyeji asilia inasema vile, benki inakataa vyote viwili. Anza na cheti, kisha hati ya kubadili jina au ya kuasiliwa, kadi ije mwisho. Ukianza na kadi utarudishwa. Na kuna ofisi moja, siitaji, ambayo mpaka leo inataka fomu kwa faksi, ukiwapigia wanasema haikufika, na risiti ya faksi unayo mkononi. Basi.

Wageni ndio ugomvi mkubwa. Mjomba anakuja mjini kutibiwa, hoteli haiwezi, analala kwa mpwa wake. Ukimfukuza, umemwambia mpangaji achague nyumba au ukoo, na atachagua ukoo. Lakini mlango huo huo anaingilia muuza dawa za kulevya, anajifanya binamu, wiki ya pili mwenye chumba analala kwenye korido. Kinachosaidia ni daftari la wageni lenye majina, kikomo cha idadi ya siku za mgeni kulala kinachojulikana tangu siku ya mkataba, na chumba kimoja cha jengo kilichotengwa kwa ndugu wanaotoka mbali. Mfadhili atakiita chumba kitupu kisichoingiza kodi. Kipiganie. Na kabla ya kuingia kukagua chumba cha mtu, notisi ya maandishi saa 24 kabla. Sheria ya kawaida ya upangaji ndiyo inavyosema, na kwa mtu aliyekulia bwenini akifunguliwa mlango usiku, ni zaidi ya sheria.

Sasa ufukizaji, yaani mila yao ya kujitakasa kwa moshi, maana mliona moshi kwenye video iliyopita mkasema uchawi. Ni kama sisi na udi: majani makavu yenye harufu, kama seji, nyasi tamu au mwerezi, ndani ya kombe la baharini, moshi unapitishwa kichwani na kifuani. Tatizo ni kengele ya moto. Usipoweka utaratibu, mpangaji atafunika kitambuzi cha moshi kwa mfuko wa plastiki na kuusahau hapo, na siku sufuria ikiungua hakuna kitakacholia. Utaratibu wenyewe: pigia simu kampuni inayofuatilia kengele, zima eneo lile tu kwenye paneli na si jengo zima, mfanyakazi mmoja akae karibu na kizima moto, dirisha wazi, mkimaliza moshi uishe kwanza, ndipo uwashe na kuandika saa kwenye daftari. Wanaoogopa vinyunyizi vya dari, vile vya kumwaga maji moto ukiwaka, vya kawaida vinapasuka kwa joto la nyuzi 68, moshi hauvigusi. Kinachovipasua ni hanga la nguo. Mtu anatundika koti pale, kioo kidogo kinavunjika, maji yanashuka ghorofa tatu. Kila mfanyakazi ajue valvu kuu ilipo, usiku, gizani.

Na wazee wa mila, tafadhali. Wakrii na Waanishinaabe, mataifa ya wenyeji asilia ya mbali na pwani, wazee wao unawapelekea tumbaku kabla ya kuomba jambo, lakini hapa pwani si kila mzee anaipokea. Uliza kwanza. Na walipeni. Tatizo ni kwamba bajeti nyingi zina fungu la mlinzi na hazina fungu la mzee, halafu mwaka wa fedha unafungwa 31 Machi na hela isiyotumika inarudi.

Jumatano ya posho, ile ya kila mwezi posho inapotoka, weka watu wawili zaidi zamu ya usiku. Jimbo lilitangaza dharura ya dawa za kulevya zenye sumu Aprili 2016, na siku za posho vifo hupanda. Ukimkuta mtu midomo imegeuka bluu: mwite, msugue kifua, piga 911, namba ya dharura, fungua njia ya hewa, mpe pumzi moja kila sekunde 5. Hewa kwanza. Kisha naloksoni, sindano ya kumzindua aliyezidisha dawa za kulevya za aina ya afyuni, miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, subiri dakika 3 ukiendelea kumpulizia, ndipo dozi ya pili kama bado hapumui mwenyewe. Siku hizi fentanili, dawa kali ya aina hiyo ya afyuni, huchanganywa na dawa za usingizi ambazo naloksoni haizigusi, kwa hiyo anaweza kupumua vizuri na asiamke. Wageni kazini hapo humchoma ampuli baada ya ampuli. Tazama kifua, macho yaache.

Wanaoniandikia niwatafutie kazi: siwezi, na hali ya kila mtu ni yake. Mashirika ya wenyeji asilia yanaajiri wenyeji kwanza, na ni haki yao. Ukitaka kujaribu, pata cheti cha huduma ya kwanza, mafunzo ya naloksoni ambayo ni bure, na ukaguzi wa rekodi za jinai wa jimbo. Hati ya polisi ya nyumbani pekee haitoshi, msitumie hela kuitafuta kabla mwajiri hajaiomba.