Paka Anajikuna? Mkague Hivi Kabla ya Kumpaka Dawa

Karibu mtazamaji. Paka wako anajikuna na manyoya yanapukutika. Dawa iache kabatini kwanza. Tumkague tujue kinachomsumbua.

Mweke penye mwanga, juu ya taulo jeupe, mpapase mpaka atulie. Anza na masikio. Uchafu mweusi mkavu kama makapi ya kahawa, huku paka akitikisa kichwa, mara nyingi ni utitiri wa masikio. Usichokonoe kwa kijiti cha pamba, utausukuma ndani zaidi. Magamba mazito kwenye kingo za sikio yanayosambaa usoni ni dalili ya upele. Yote mawili yana dawa kwa daktari wa mifugo.

Sasa mgongoni. Chukua kitana chenye meno ya karibukaribu, chana mpaka kwenye shina la mkia. Hujaona kiroboto? Usiridhike, maana paka huwameza anapojilamba. Kung'utia chembe nyeusi zilizonaswa na kitana kwenye pamba iliyolowa. Zikitoa wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu huo ni damu ya paka wako.

Mtibu kwa dawa ya matone ya paka, kulingana na uzito wake. Tenganisha manyoya nyuma ya shingo, idondoshee kwenye ngozi, mahali ulimi haufiki. Watibu na wanyama wengine wa nyumbani, ufue matandiko kwa maji ya moto. Viroboto wachanga hujificha kwenye vifuko sakafuni kwa wiki, hata miezi, kwa hiyo rudia dawa kama maelekezo yanavyosema.

Hapa nakuomba sana: dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka. Nyingi zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Hutetemeka, hupata degedege, na anaweza kufa. Kama tayari umempaka hiyo ya mbwa, mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, umwahishe kwa daktari.

Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya? Huenda ni choa. Vaa glavu, kwani huambukiza watu, watoto hasa. Matibabu huchukua wiki nyingi. Usiache kwa sababu tu manyoya yameota.

Uvimbe wenye joto baada ya kupigana ni jipu, usilikamue. Na paka mweupe mwenye kidonda kisichopona kwenye ncha ya sikio apelekwe haraka: jua huweza kumletea saratani ya ngozi, na ikiwahiwa hukatwa.