Songwe hadi Nduli: kilomita za ramani na saa za safari

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Swali mlilotuletea ni fupi: kutoka uwanja wa Songwe hapa Mbeya hadi Nduli kule Iringa ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani? Umbali ni takriban kilomita 306 kwa mstari ulionyooka. Muda ndio wenye maneno.

Kwanza hesabu yenyewe. Songwe iko nyuzi 8 dakika 55 kusini, nyuzi 33 dakika 16 mashariki. Nduli iko nyuzi 7 dakika 40 kusini, nyuzi 35 dakika 45 mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 75, na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, basi hizo ni maili 75. Tofauti ya longitudo ni dakika 149. Zidisha kwa kosaini ya nyuzi 8.3, latitudo ya katikati ya safari, yaani 0.99, upate 147. Kila moja ipandishe kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo: maili 165. Zidisha kwa 1.852, kilomita zilizomo katika maili moja ya baharini, upate 306.

Wanafunzi wengi huangukia kwenye dakika. Nyuzi 8 dakika 55 si 8.55, gawanya 55 kwa 60, ni 8.92. Kosa hilo dogo linausogeza uwanja wa Songwe kilomita 41 kaskazini, na huko hakuna lami ya kutua.

Sasa muda. Ndege ndogo ya Caravan ya injini moja hukimbia kama kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo ni saa moja. Ongeza dakika kumi za kupaa, kujipanga na kutua. Ndege kubwa ya pangaboi kama Dash 8-400 huvuka kilomita 600 kwa saa, na mtu hugawanya haraka akasema nusu saa. Si kweli. Katika safari fupi hivi, sehemu kubwa huishia kwenye kupanda na kushuka, ambako mwendo ni mdogo. Weka dakika 45.

Msisahau pia joto. Songwe iko mita 1,345 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa hupungua uzito, na ndege huondoka kana kwamba uwanja uko karibu mita 2,100. Hukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka, na pengine mzigo hupunguzwa. Asubuhi kuna ubaridi unaosaidia injini, lakini ndipo ukungu nao hujitandaza.

Barabara haifuati mstari wetu wa juu ya bonde la Usangu. Inakwenda mashariki hadi Makambako ndipo inapinda kwenda Mafinga na Iringa, kilomita 330 hivi mji hadi mji. Basi linaruhusiwa 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Ongeza mizani na foleni ya malori ya kwenda na kutoka mpakani Tunduma: saa sita ni kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama ndege inakwenda moja kwa moja. Ukipitishwa Dar es Salaam, unaruka kama kilomita 690 kwenda, halafu 390 kurudi Iringa, jumla 1,080, na katikati unasubiri ndege ya pili. Tiketi ya namna hiyo iacheni. Pandeni basi la alfajiri.