Angalia Miguu Kwanza, Saa Baadae: Kumpima Lainibeki wa Chuo Anaetaka Kwenda NFL

Haya jamani, karibuni, waliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele, msiogope.

Naomba nianze na swali ambalo naulizwa kila inapokaribia drafti, yaani lile zoezi la timu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, kuchagua vijana wa vyuo, mara na wazazi mara na vijana wenyewe. Kocha, huyu dogo kaangusha watu 120 msimu huu, si anaenda NFL? Na jibu langu huwa linawaudhi watu maana nawaambia sijui, hiyo 120 haijaniambia kitu bado. Kawaangusha wapi? Kama kila anaemwangusha anakuwa ameshakula yadi 6 au 7, basi huyo dogo hajazuia chochote, yeye kafunga tu hesabu.

Kwa wale mliokulia kwenye soka, lainibeki anasimama nyuma ya yale majitu ya mstari wa mbele, kama yadi 4 au 5 kutoka kwenye mpira, na kazi yake inafanana sana na ya kiungo mkabaji, yaani mpira ukikimbizwa katikati ni wake, ukirushwa mgongoni kwake ni wake, mbeba mpira akitoka pembeni ni wake, na wa katikati ndo anaewapanga wenzake kwa mdomo kabla mpira haujatoka. Ndo maana kumpima ni kazi ngumu, maana unapima watu watatu ndani ya jezi moja.

Leo mfano wangu mkubwa ni Luke Kuechly. Nimemchagua makusudi kwa sababu habari yake ya uwanjani imeshaisha, tunajua alivyoingia na tunajua alivyotoka, kwa hiyo tunaweza kukagua. Boston College, misimu 3, 2009 mpaka 2011. Aliangusha watu 158, alafu 183, alafu 191, jumla 532, wastani wa 14 kila mechi, na mwaka wa mwisho akabeba tuzo ya Butkus ambayo ndo ya lainibeki bora wa vyuo. Ukisikia hivyo unasema sasa hapo mjadala wa nini. Mjadala ulikuwa wa haki kabisa! Timu yake 2011 ilishinda mechi 4 ikapoteza 8. Timu inayopoteza hivyo walinzi wake wanakaa uwanjani muda mrefu, wapinzani wakishaongoza wanakimbiza mpira chini kwa chini ili saa iishe, na mpira ukikimbizwa hivyo jioni nzima lazima kuna mtu ataandikiwa kaangusha. Tena wanaohesabu ni watu wa chuo mwenyeji, wamekaa juu kule, na wapo wakarimu sana wa kugawa nusu ya hesabu kwa kila aliyegusa jezi. Kwa hiyo mtu makini alitakiwa aulize, hizi namba ni za kijana au ni za timu mbovu?

Huwezi kujibu hilo kwa karatasi. Unajibu kwa mkanda, na sio mkanda wa TV maana kamera ya TV inafuata mpira, na ukifuata mpira lainibeki unakuja kumwona pleyi, yaani shambulizi moja, imeshakaribia kuisha. Tafuta ile kamera inayowekwa juu nyuma ya magoli. Alafu fanya hivi, usiangalie mpira kabisa, angalia miguu ya huyo lainibeki sekunde moja ya kwanza, simamisha, rudisha, angalia tena. Sekunde moja tu. Mbele yake kuna magadi wawili, mmoja kila upande wa senta, yule wa katikati anaeanzisha mpira. Gadi akija mbele kwa nguvu, hiyo ni mbio. Gadi akinyanyuka na kurudi nyuma, hiyo ni pasi. Gadi akigeuka akakimbilia upande wa pili, mfuate huyo huyo, maana anaenda kumfungulia mtu njia na mpira unakuja nyuma yake. Lainibeki anaewasoma magadi hana haja hata ya kuuona mpira. Asiyewasoma utaona mguu wake wa kwanza unarudi nyuma nusu hatua, au unakanyaga pale pale, alafu ndo anaanza safari. Hiyo nusu hatua chuoni anaifidia kwa mbio, kwa sababu wengi anaocheza nao mwakani watakuwa walimu na wahasibu. NFL haifidiki.

Kuechly ndo hapo alipokuwa mtamu. Unasimamisha mkanda, wenzake bado wamesimama wima wanaangalia, yeye ameshatoka na yupo njiani kuelekea kwenye upenyo ambao mbeba mpira mwenyewe ndo kwanza anaufikiria. Kuna lawama utaisikia juu ya lainibeki wa aina hii, kwamba hagongi, kwamba anamkumbatia mtu na kumlaza chini kistaarabu. Mimi hiyo hainisumbui hata kidogo. Anaechelewa ndo anahitaji kugonga kwa kishindo, aliyewahi anamsubiri tu mtu afike.

Sasa ngoja, kuna mitego miwili kwenye mkanda wa chuo, na hapa naona hata watu wazoefu wanateleza, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Wa kwanza ni sheria ya wale wa mstari wa mbele wanaposhambulia. Chuoni wanaruhusiwa kwenda mpaka yadi 3 mbele hata kama mpira utapigwa pasi, NFL ni yadi 1. Inaonekana kitu kidogo eeh? Sio kidogo. Kuna zile pleyi ambazo kwotabeki, yule mrusha pasi anaeongoza mashambulizi, anaamua papo hapo ampe mbeba mpira au arushe, anamkodolea lainibeki mmoja na kusubiri atakachofanya. Gadi anakuja yadi 3, lainibeki anasema hii mbio, anapanda, pasi inapita pale pale alipotoka. Ukiangalia haraka haraka unaandika "anadanganyika". Macho yake yamesoma sawasawa bwana, sheria ndo imemgeuka. Usimkate maksi kwa hilo. Ile pasi ya danganya toto ya kawaida, kwotabeki anajifanya kutoa mpira alafu anarusha, hapo ndo mkate akinasa kila mara, maana magadi walishamwambia ukweli.

Mtego wa pili ni uwanja wenyewe. Ile mistari midogo ya katikati inayoonyesha mpira uwekwe wapi, chuoni imeachana futi 40, NFL futi 18 na nusu. Maana yake chuoni mpira ukikaa pembeni, upande mmoja unakuwa bahari na mwingine kichochoro. Lainibeki wa upande mpana anaonekana mzito hata kama sio mzito, na wa kichochoroni anaonekana mjanja. Uliza alikuwa anapangwa upande gani kabla hujamsifia au kumponda.

Haya tuje kwenye saa, najua wengi mlikuwa mnasubiri hapa.

Kila mwaka NFL inakusanya vijana Indianapolis kwenye Kombaini, wanakimbizwa yadi 40 ambazo ni kama mita 36 na nusu, wanaruka, wananyanyua chuma cha paundi 225 yaani kilo 102, na cha muhimu kuliko vyote ingawa TV haionyeshi, wanapimwa na madaktari. Mimi vipimo navitumia kujibu swali ambalo mkanda umeniachia, basi. Kwa Kuechly swali lilikuwa, huyu anawahi kwa akili tu au na mwili upo? Akaenda akapimwa futi 6 na inchi 3, paundi 242, yadi 40 kwa sekunde 4.58, akaruka juu inchi 38, akanyanyua chuma mara 27. Swali likafa. Carolina Panthers wakamchukua namba 9 kwenye drafti ya 2012.

Ila saa bila mkanda ni hatari. Mchukue Aaron Curry wa Wake Forest, 2009. Na yeye ana tuzo ya Butkus, paundi 254, yadi 40 kwa 4.56, mwili kama umechongwa, na watu wakasema huyu ndo chaguo salama kuliko wote mwaka ule. Seattle wakamchukua namba 4. Oktoba 2011 wakamtoa kwenda Oakland, na 2013 akawa ameshaacha mpira. Salama! Mimi hilo neno kwenye ripoti ya skauti nikiliona nalikata kwa kalamu nyekundu. Na upande wa pili yupo Zach Thomas wa Texas Tech, futi 5 na inchi 11 tu, timu zikampita mpaka raundi ya 5, namba 154, mwaka 1996, na 2023 kaingia kwenye jumba la mashujaa la Canton. Ukipima kwa rula huyo humpati kamwe.

Kuhusu kujinasua kwa wanaomzuia nitapita haraka. Je, gadi wa kilo 140 akimshika, anatoka au ndo kapotea? Kwa hilo mechi za timu ndogo ziweke pembeni, tafuta ile aliyokutana na wanaume. Manti Te'o wa Notre Dame 2012 alinyaka pasi 7, akashika nafasi ya pili kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alafu Januari 2013 wakakutana na Alabama kwenye fainali, 42 kwa 14, na mtu aliyekuwa anafyeka kila kitu msimu mzima akawa anachelewa na kupitwa. Kombaini akakimbia 4.82, akachukuliwa namba 38. Mechi moja isikufanye umfute mtu, lakini ile mechi ilikuwa na maswali mengi kuliko zile 12 za nyuma yake.

Kukaba pasi ndo kumebadilika sana. Zamani lainibeki ungemsamehe, siku hizi timu nyingi zinabaki na lainibeki wawili tu uwanjani muda mwingi, kwa hiyo asiyeweza kukimbia na taiti endi, yule jitu anaezuia na pia kupokea pasi, anatolewa nje kila wapinzani wakitaka kurusha, na anaetolewa nje hivyo hachukuliwi raundi ya kwanza. Hapa nampenda Fred Warner wa BYU. Chuoni alikuwa anachezeshwa nje nje, kwenye nafasi wazi, anakaba wapokeaji, skauti anajiuliza huyu nimpe namba gani? 2018 akaanguka mpaka namba 70, raundi ya 3, San Francisco wakamweka katikati mwaka ule ule wa kwanza, na leo ukitaja lainibeki watatu bora wa kizazi hiki bila yeye watu watakucheka. Alichokuwa anafanya chuoni ndo sehemu ngumu ya kazi. Kusoma magadi unaweza kumfundisha mtu kwa miaka, viuno vya kugeuka na mpokeaji humfundishi.

Hata Kuechly mwenyewe walianza kumweka pembeni, Jon Beason alipoumia ndo akarudi katikati na mambo yakalipuka. Mwaka huo huo akawa mlinzi chipukizi bora wa ligi, 2013 akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Kwotabeki anapiga kelele za kubadili pleyi, na huyu anapiga kelele zake upande huu kuwaambia wenzake pleyi inakoelekea.

Lakini sitaki niwafiche. Madaktari wa Indianapolis wanapima goti, bega, moyo, wanapima kilichopo. Kuechly aliumia kichwa 2015, tena 2016, mkaona wote anavyolia kwenye kigari anatolewa uwanjani, tena 2017. Januari 2020 akastaafu, umri miaka 28. Misimu 8, na mara 7 akachaguliwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi. Hakuna kipimo cha mwaka 2012 kingekuonyesha hilo, na ukiniuliza namba 9 ile ningeitoa tena, naitoa asubuhi na mapema.

Haya maswali. Wewe kaka mwenye fulana ya Seahawks, najua unachotaka kuuliza, Bobby Wagner. Ndiyo, lainibeki wenu wa Seattle, drafti ile ile ya 2012, Utah State, namba 47. Alikosa Kombaini kwa ajili ya nimonia, chuo sio kikubwa, watu wakakosa namba na wakakosa uvivu wa kuangalia mkanda, samahani, hawakukosa uvivu, walikuwa nao mwingi. Na lainibeki mwingine, Lavonte David, alikwenda namba 58 mwaka huo huo, wakasema mdogo. Ukinilazimisha, kwa mechi moja ya kufa na kupona namchukua Kuechly, kwa miaka 12 mfululizo namchukua Wagner na sitaki ugomvi.

Nani mwingine? Mkenya, ndiyo, Daniel Adongo, Colts walimsajili 2013 kama lainibeki wa nje akitokea kwenye raga, chuo hakupitia. Mwili ule ungewatoa jasho skauti wote. Akacheza mechi chache tu, zaidi kwenye mipira ya kupigwa mateke. Mbio alikuwa nazo, nguvu alikuwa nazo, lakini wenzake wameanza kuwasoma magadi wakiwa na miaka 14 na yeye amekutana nao mtu mzima. Simlaumu hata kidogo, na waliomleta siwalaumu.

Wa mwisho, mama pale. Mwanao yuko high school anacheza lainibeki na unataka nimwangalie? Kwa furaha kabisa mama, ila ile video ya dakika 3 yenye muziki usinitumie. Mwambie kocha wake akupe mechi nzima ya kamera ya nyuma ya magoli, na nakuomba sana iwe ile waliyofungwa.